Simu za IP na kamera za mikutano: nani anazihitaji, nani anauziwa tu

Siku hizi ukivuta faiba ofisini haipiti muda anakuja mtu wa mauzo na profoma yake. Simu za IP kumi na mbili, yaani zile za mezani zinazopitisha sauti kwenye intaneti, swichi ya mtandao ya kuziunganisha na kuzipa umeme, leseni ya mwaka, kamera kubwa ya chumba cha mikutano, afu ukifika kwenye jumla chini kule unavuta kiti unakaa. Na maneno ni yale yale, bosi utaokoa gharama za simu. Mi naona ni kweli kwa baadhi ya ofisi, ila kwa ofisi nyingi za kwetu gharama inahama tu kutoka kwenye vocha inaenda kwenye umeme, fundi na leseni, na hiyo sehemu haimo kwenye profoma.

Nianze na upande unaozisifia maana una hoja za maana kabisa. Chukua kampuni ya klaringi, ofisi kuu ipo Posta Dar, kuna vijana wako bandarini na wengine wako Tunduma mpakani wanasubiri malori yavuke. Mteja yuko Lubumbashi anaulizia kontena lake. Kwa mfumo wa kawaida anapigia namba ya kijana mmoja, yule anamwambia ngoja nikutumie namba ya mwenzangu wa Tunduma, anatumiwa, anapiga haipokelewi, anarudi kwa yule wa kwanza keshakasirika. Ukiwa na simu za IP mtu wa mapokezi anabonyeza ekstensheni ya Tunduma, ile namba fupi ya ndani, anaongea naye kwanza, anamuunganisha mteja, basi. Kati ya Posta na Tunduma hamna dakika inayokatwa maana sauti inapita kwenye intaneti mnayoilipia tayari. Na kuna hili ambalo wenye biashara hawalisemi hadharani ila linawauma sana, kijana wa mauzo akiacha kazi anaondoka na laini yake na wateja wote wamo humo. Ekstensheni haiondoki na mtu, inabaki mezani.

Na kuhusu intaneti, wala haili kama watu wanavyoogopa. Simu moja yenye sauti nzuri, ile kodeki (namna ya kufungasha sauti) ya kawaida ya G.711, inachukua karibu kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Watu kumi wakiongea kwa mpigo hamjafika megabiti 1 kila upande. Kwa saa nzima simu moja inakula karibu MB 80 ukijumlisha kwenda na kurudi, na ukitumia G.729 inayobana zaidi inashuka chini ya 30. Kwa hiyo anayekwambia upandishe kifurushi cha faiba kwa ajili ya simu tu, mwambie akupigie hesabu mbele yako.

Sasa shida inapoanzia. Sauti haitaki spidi kubwa, inataka njia isiyoyumba. Unaweza ukawa na megabiti 50 na bado simu zikawa mbovu, kwasababu mhasibu kaanza kupandisha mafaili ya mwezi mzima Google Drive saa nne asubuhi, njia ya kutoka ikajaa, na hapo ndo unasikia mtu anaongea kama roboti, maneno yanakatika katikati, mteja anasema "halo? halo?" afu anakata. Dawa ipo, rauta inasetiwa iyape maongezi kipaumbele mafaili yasubiri, ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua. Ila rauta nyingi za bure zinazokuja na faiba hazina hiyo setingi au zinayo ya jina tu, kwa hiyo unanunua rauta nyingine, ambayo kwenye profoma haikuwepo.

Kuna tatizo lingine kila aliyewahi kufunga hizi simu atalijua: simu inaita, unapokea, wewe unamsikia yeye hakusikii. Mnaendelea namna hiyo mpaka mnakata. Mara nyingi simu yenyewe ni nzima. Ule ujumbe wa kuitana unapita njia moja na sauti inapita nyingine, sasa rauta inaficha anwani za ndani ya ofisi, upande wa pili unatuma sauti kwenye anwani ambayo haifikiki kutoka nje. Na kuna kitu kwenye rauta nyingi kinaitwa SIP ALG, kiliwekwa eti kusaidia, matokeo yake mara nyingi ndo kinavuruga zaidi, na jambo la kwanza fundi mzoefu analofanya akifika ni kukizima. Fundi asiyejua atakubadilishia simu tatu kwanza.

Afu muulize muuzaji mtambo wenyewe wa kuunganisha simu, PABX, umekaa wapi. Wengi siku hizi wanauza ya kwenye klaudi, yaani iko kwenye seva za watu huko intaneti, ni rahisi kweli kuanza, huna sanduku la kutunza. Lakini kama seva ipo Frankfurt au London na sauti zote zinapitia kule, basi mtu wa mapokezi akimpigia mhasibu aliyeko chumba cha pili sauti inaenda Ulaya inarudi. Shirika la mawasiliano la dunia ITU linashauri ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, ukizidi hapo watu wanaanza kuongea kwa kugongana, kila mmoja anadhani mwenzake kamaliza. Seva ikiwa Cape Town, ambako Amazon walifungua kituo chao cha seva 2020, hali inaweza kuwa nafuu ila nayo inategemea mtandao wako unapitishia wapi. Sanduku dogo la PABX ndani ya ofisi linamaliza hilo, simu za ndani zinabaki ndani, ila hapo unahitaji mtu wa kulitunza, na mtu huyo analipwa.

Umeme sasa. Zile simu za mezani za zamani zilikuwa zinapata umeme wa volti 48 kutoka kituo cha simu kupitia waya ule ule, ndo maana Tanesco wakikata simu ilikuwa inaita kwenye giza. Simu ya IP haina huo ujanja. Umeme ukikatika kinazima kile kiboksi cha faiba ukutani, inazima rauta, inazima swichi, na simu zote kumi na mbili kwa mpigo. Simu zenyewe hazili umeme mwingi, wati chache kila moja, kwa hiyo UPS ya kawaida, lile sanduku la betri ya akiba, inaweza kuzibeba kwa muda, sharti uiweke kwenye vitu vyote vya mnyororo huo. Nimeona ofisi UPS ipo kwenye kiboksi cha faiba na rauta tu, swichi imechomekwa ukutani, yaani intaneti ipo na simu zimekufa.

Hata ukimaliza umeme kuna yaliyo nje ya mikono yako. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya nchi nyingi za ukanda huu ikayumba, Tanzania ikiwemo, kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi Tanzania intaneti ilizimwa nchi nzima. Siku kama hizo ofisi ambayo namba yake pekee iko kwenye klaudi inakuwa haipo duniani, wakati jirani mwenye kitochi na laini ya kawaida bado alikuwa na njia ya kupigiwa. Hii kwangu ndo hoja nzito kuliko zote. Ulaya wanahamia simu za intaneti moja kwa moja, Uingereza wamepanga kuzima simu za waya za zamani ifikapo Januari 2027, na hata wao walisogeza mbele kutoka Desemba 2025 kwasababu ya wazee wenye vile vitufe vya kuita msaada nyumbani, ambavyo vilikuwa vinategemea waya wa zamani. Kama wao wenye umeme wa uhakika wamesita, na sisi tuna haki ya kusita kidogo.

Mteja wetu naye ana tabia zake. Anataka namba inayoanza na 07 au 06, aione WhatsApp, aitumie hela. Ukimpa namba ya mezani ya 022 anahisi ni ofisi ya serikali, au anadhani itamla salio. Ingawa hapa wengi hawajui kwamba WhatsApp Business inakubali namba ya mezani, unachagua kupigiwa badala ya kutumiwa meseji, unasikia namba ya uthibitisho, unaiingiza, imeisha. Kwa hiyo namba moja ya ofisi inaweza kupigika na kuchatika. Ni kitu kizuri kweli na sijui kwanini wauzaji hawakisemi.

Usalama nitaugusa kwa kifupi ila usiuchukulie poa. PABX iliyoachwa wazi intaneti inaanza kupigwa hodi na mashine za wahuni muda si mrefu, zinajaribu ekstensheni 100 na nywila 100, 101 na 101, hivyo hivyo. Zikiingia zinapiga namba za nje za gharama kubwa usiku au wikendi, Jumatatu unakuta deni. Funga simu za kimataifa kama huzihitaji, weka kikomo cha salio. Na upande wa sheria, kuongea ndani ya kampuni yako hamna mtu atakusumbua, ila ukiunganisha matawi kwa VPN, ile njia ya siri ndani ya intaneti, kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo Oktoba 2023 la kutaka VPN za watumiaji ziandikishwe. Yule anayekushawishi uweke simboksi ya kuingiza simu za nje kama za ndani mfukuze, hiyo bila leseni ni kesi.

Video ni habari nyingine kabisa. Hapa data inaliwa kweli, Zoom ya watu wawili kwa picha ya 720p inataka karibu megabiti 1.2 kupanda na 1.2 kushuka, saa moja inapita GB 1. Kwa faiba sawa, kwa bando la simu utalia. Lakini kosa kubwa ninaloliona ni watu kununua kamera ya bei mbaya halafu chumba kina tailizi chini, vioo upande mmoja na AC inayounguruma juu ya meza. Picha inang'aa, sauti inarudi mwangwi, upande wa pili hawaelewi kitu. Mkutano picha ikiganda unaendelea, sauti ikikatika mkutano umeisha. Pesa iende kwenye maiki kwanza: spika ya mezani ya USB yenye maiki zake, laptopu, TV iliyopo tayari, na mapazia mazito na kapeti. Kwa chumba cha watu watano sita inatosha sana. Zile kamera za ukutani zinazomfuata anayeongea zina maana kwa chumba kikubwa ambacho kila siku kina mkutano na wafadhili au makao makuu nje, tofauti na hapo ni urembo.

Na uangalie kifaa kinachofungwa na apu moja. Facebook walitoa skrini zao za Portal 2018, 2022 wakaacha kuziuza kwa watu wa kawaida. Skype yenyewe, ambayo Microsoft waliinunua 2011 kwa dola bilioni 8.5, ilifungwa Mei 2025. Kamera ya USB inayoingia kwenye laptopu yoyote haina presha hiyo, apu ikifa unafungua nyingine.

Nyumbani nitasema wazi, familia nyingi hazihitaji kununua chochote, WhatsApp kwenye simu imemaliza. Penye ubishi ni kwa wenye ndugu Oman na Dubai, maana kule simu za WhatsApp zimezibwa, mtu wa Unguja anamuandikia dada yake Muscat meseji na voisi noti tu, kupiga haipiti. Wengine wanatumia apu zilizoruhusiwa, Dubai Botim inatumika sana, na za mikutano kama Zoom na Teams zilifunguliwa kipindi cha korona. Kwa nyumba kama hiyo tableti iliyosimamishwa sebuleni kwa ajili ya bibi, ina apu moja tu na imechajiwa, inasaidia kuliko simu ya IP yoyote. Kumfundisha bibi kuinua mkonga ni rahisi, kumfundisha kwanini leo haina intaneti ndo kazi.

Kwa ofisi mimi ningegawa. Matawi mawili au zaidi, watu kuanzia nane hivi, wateja wengi wanaozungushwa kati ya vitengo, weka simu za IP bila kusita, sanduku liwe ndani, na chomeka humo geitiwei ndogo, kifaa cha kuingizia laini ya kawaida, ili intaneti ikifa simu za nje ziendelee kuingia na kutoka kwa laini. Duka, saluni, ofisi ya watu watatu, nunua laini ya kampuni isajiliwe kwa jina la kampuni, weka WhatsApp Business, hela iliyobaki lipia UPS. Na kama bajeti inabana ukaamua kuchukua simu za IP za mtumba, sio vibaya, nyingine zinadumu miaka, ila usilipe kabla hujaiwasha ukaona inaingia kwenye setingi na nywila ya fundi inajulikana. Kuna zilizofungwa na kampuni ya simu ya huko zilikotoka, ukiichomeka inatafuta seva ya kwao badala ya yako, na hata ukiirisiti inarudi kutafuta kule kule.