Mtoto mwenye usonji asirudishwe Nairobi ili apone

Likizo ya shule ikikaribia hapa Cedar-Riverside, Minneapolis, Marekani, huwa namsikia mzazi mwenzangu Msomali akisema atampeleka mwanawe mwenye usonji (autism) Nairobi au Hargeisa, akae na nyanya yake, asomewe Kurani, ulimi ufunguke. Mimi nimezaliwa na kulelewa Islii, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na nawasihi: msiwakatize watoto shule.

Kurani asomewe, hata mimi namsomea binti yangu kila usiku. Lakini hapa kuna sheria tangu 1975 inayozilazimu shule za umma kumfundisha mtoto mwenye ulemavu bila malipo. Asubuhi basi husimama chini ya ghorofa letu, msaidizi humfunga mkanda, kisha humwonyesha kadi yenye picha ya darasa lake ili ajue anakokwenda. Bila kadi hiyo hulia njia nzima. Kikao cha kupanga masomo yake nakaa na mkalimani, na nisiporidhika sitii sahihi. Nairobi, shule za umma zenye kitengo cha usonji ni chache mno, na mtaalamu wa usemi unamlipa kutoka mfukoni. Asiye na uwezo hufungia mtoto ndani. Nimewaona watoto hao tangu nikiwa mdogo.

Wanaotamani kurudi nawaelewa sana. Islii mtoto akikesha analia, jirani huja akampokea, mama akalala kidogo. Huku jirani hugonga ukuta. Na sisi wenyewe tunafichana: kina mama wanapanda lifti moja miaka na miaka, kila mmoja akidhani mwenye usonji ni mwanawe peke yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wa 2013 ulikuta mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali mjini humu ana usonji. Kwa Wazungu ilikuwa 1 kati ya 36. Sasa aibu ya nini? Hofu ya usonji ndiyo iliyotufanya tukimbie chanjo ya surua, tukidhani ndiyo inayouleta, na 2017 surua ikawapata watu 75 jimboni, wengi wao watoto wetu. Chanjo haileti usonji, jamani.

Ikiwa anayekosekana ni nyanya, basi nauli hiyo tumtafutie yeye viza aje. Wakati tunangoja, tupokezane. Jumamosi niletee mwanao acheze na wangu, wewe ukalale.