Tovuti ni ya asiye na mtu mjini

Mtoto wa dada yangu alinitumia CV yake mwezi Juni. Yeye yuko Uyole, Mbeya, mimi niko Leipzig, Ujerumani. "Shikamoo mama mdogo, naomba unisaidie kuipanga vizuri." Zilikuwa kurasa tatu. Ya kwanza ina jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na namba ya kitambulisho cha taifa. Ya pili ina shule zote alizosoma, kuanzia ya msingi. Ya tatu ina wadhamini watatu na namba zao za simu, na juu yao mstari mmoja: mambo nipendayo ni kusoma, kusafiri na kutazama mpira. Niliisoma mara mbili nikitafuta kazi anayoifanya. Haimo.

Kijana huyu anasuka mota, yaani mota ikiungua anaifunga upya waya wa shaba ndani. Tangu amalize diploma yake ya umeme, mashine za kukoboa mpunga kule Ubaruku zikiungua wakati wa mavuno, anayepigiwa simu ni yeye. Anapanda basi na begi la waya wa shaba, analala hukohuko mpaka mashine ingurume tena. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika, alishangaa: "Mama mdogo, pale sikuajiriwa, sina barua." Kwake uzoefu wa kazi ni ule wenye mhuri.

Sitaki mtu adhani kwamba huku nilipo karatasi hazithaminiwi. Wajerumani wanapenda karatasi pengine kutuzidi. Maombi ya kazi huenda kama faili moja la PDF lenye barua, wasifu, vyeti vyote, na barua ya tathmini ambayo mfanyakazi anayeondoka ana haki kisheria kuidai kwa mwajiri wake. Vyeti vyangu vilipita kwanza kwa mfasiri aliyeapishwa. Picha ya pasipoti bado wengi wanaiweka juu ya wasifu, ingawa baada ya sheria ya kupinga ubaguzi ya 2006 waajiri wengi wameacha kuidai. Kujuana nako kupo. Wana hadi jina lake, "Vitamin B", B ikiwa ya Beziehungen, yaani mahusiano.

Mimi nilifika bila vitamini hiyo. Nyumbani, nilipopata kazi yangu ya kwanza ya fundi sanifu wa maji, mzee jirani yetu alimpigia mhandisi simu akamwambia, "Binti huyu namfahamu, kwao ni watu wa kazi." Sioni aibu kulisema, kwa sababu alikuwa ananifahamu kweli. Leipzig hapakuwa na mtu wa kuwafahamu watu wa kwetu. Niliomba kazi zaidi ya thelathini, na majibu yakawa yaleyale ya kunishukuru na kunitakia heri.

Mara moja nikaitwa kwenye usaili. Mhandisi aliyenihoji aliuliza kama nina kitu cha kumwonyesha. Nikatoa simu. Zilikuwamo picha za mradi wa maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu, tulioujenga milimani Rungwe: banio, mtaro wa bomba kuu, tangi, kilula cha kwanza cha kuchotea maji siku yalipotoka. Alizikuza moja moja. Akauliza bomba linashuka mita ngapi, msukumo wa maji tuliupunguza wapi, saruji tulipandishaje kule juu. Nilijibu mpaka nikasahau kwamba Kijerumani changu kilikuwa kibovu. Kisha akauliza, "Na wewe binafsi ulifanya nini?"

Nikasema: tulipima, tulichora, tulichimba. Akauliza tena. Nikasema tulishirikiana na wanakijiji. Akauliza mara ya tatu, sasa kwa upole, na mimi nikakwama. Mtu aliyelelewa kwetu hasemi "nilijenga" wakati kijiji kizima kilishika majembe. Mama yangu angenisikia angeniuliza nimejifunza wapi majivuno hayo. Kazi ile sikuipata, na usiku uleule nilianza kuandika ukurasa wangu wa kwanza wa tovuti.

Niliandika hivi: "Mtaro ulichimbwa na wanakijiji. Njia ya bomba niliipima mimi, na mchoro huu ni wa mkono wangu. Fundi mkuu alinirekebisha mahali pa tangi la pili, na alikuwa sahihi." Niliposoma tena sikuona majivuno. Niliona hesabu iliyokaa sawa, kila mtu amepewa chake. Tangu siku hiyo naamini kwamba "tulifanya" yetu, pamoja na adabu yake yote, huwa inamficha aliyekesha na kumfunika aliyelala. CV ya karatasi haina nafasi ya sentensi kama zile tatu. Tovuti inayo.

Wala kuonyesha kazi yako hadharani si utamaduni wa kigeni tunaobebeshwa. Pita Mwanjelwa uone seremala anavyopanga milango na vitanda nje ya karakana. Panda gari la kwenda Tukuyu, ukifika Isyonje viazi vimejazwa ndoo mpaka vimefanya kilima, vimesogezwa barabarani dereva avione akiwa mbali. Kwetu bidhaa huonekana kwanza, maneno hufuata. Ni kwenye kuomba kazi tu ndipo tunaificha bidhaa ndani tukatoa nje cheti cha kuzaliwa.

Basi mimi na mwanangu yule tulikaa kwenye simu jioni kadhaa. Kwanza nilimkataza kupiga picha ile CV na kuibandika mtandaoni, maana maandishi yaliyo ndani ya picha hayasomeki vizuri kwenye simu, na mtu akitafuta "fundi wa kusuka mota Mbeya" huwa hayatokei. Sentensi ya juu kabisa tuliihangaikia muda mrefu. Alitaka "kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma". Nikamwambia hayo kila mtu anayaandika. Tukaishia na: "Nasuka na kutengeneza mota za mashine za kukoboa na pampu za maji, Mbeya na Mbarali." Chini yake kazi tatu tu, na kila moja inasema mashine ilikuwa na tatizo gani, aligunduaje, alifanya nini, na baada ya hapo ikawaje. Picha ya waya ulioungua kando ya picha ya waya mpya. Picha ile peke yake inaongea kuliko kurasa zake tatu.

Jambo ambalo nililisimamia kwa ukali ni la vitu visivyopaswa kuhama. Karatasi inakwenda mezani kwa mtu mmoja, tovuti inafunguka kwa dunia nzima. Namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, dini na ndoa tukavitoa. Namba za wadhamini nazo tukatoa. Wazee wale walikubali kupigiwa na mwajiri, hawakukubali kupigiwa na matapeli. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata bila sheria, heshima inatosha. Wenye mashine pia aliwaomba ruhusa kabla ya kuweka picha.

Gharama isimtishe mtu. Huduma ya mtandaoni iitwayo GitHub Pages inahifadhi kurasa za namna hii bure, na akipata kipato atanunua anwani inayoishia .me.tz, ambayo ni ya majina ya watu binafsi. Kubwa ni uzito wa kurasa. Picha zake za simu tulizipunguza sana, kwa sababu mwenye mashine atafungua kwa bando la siku, na ukurasa ukizunguka bila kufunguka anaacha.

Dada yangu aliuliza kama sasa mtoto aache kugonga mihuri. Hapana. Kazi nyingi za serikali zinaombwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, pale vinatakiwa vyeti vilivyothibitishwa, na tovuti haitamsaidia hata kidogo. Aendelee kwenda kwa wakili kuvigongesha mihuri. Hata karakana nyingi za Mbeya zitataka karatasi, ndiyo maana CV yake mpya ya ukurasa mmoja ina anwani ya tovuti juu, chini ya jina.

Ninayemfikiria zaidi ni kijana anayeshuka Mbeya mjini kutoka Makete au Ileje, hana mjomba ofisini wala mzee jirani wa kumpigia mhandisi simu. Hali yake pale stendi ni ileile niliyokuwa nayo mimi Leipzig. Mwenye mtu mjini anaweza kungoja. Huyu hana budi kuiweka kazi yake mahali ambapo mgeni ataiona bila kuulizwa anatoka kwa nani.

Mwanangu amebakiza kazi ya tatu. Picha za mota ya pampu alizopiga zina giza, na Jumamosi anarudi Ubaruku kuipiga upya ikiwa inazunguka.