Gi ikilia, ngumi imefika wapi?

Jumamosi nilikwenda kutazama watoto wa dojo moja ya jirani, yaani ukumbi wa karate, wakipandishwa mikanda. Mwalimu anahesabu ichi, ni, san, watoto kama arobaini wanarusha ngumi hewani, na kila ngumi mikono ya gi, yale mavazi ya karate, inalia pwaa! Wazazi makofi. Mwalimu anatabasamu utadhani kazishona mwenyewe.

Mimi nikaangalia mabega. Yamepanda hadi masikioni. Viwiko vimetanuka kama mbawa za kuku anayetaka kuruka ua. Ngumi zikapigwa mpaka nikachoka kuhesabu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeguswa kiwiko akaambiwa, mwanangu, hapa umekosea.

Jamani, mlio ni wa kitambaa! Mama yangu akikung'uta shuka kabla ya kuianika inalia hivyo hivyo, na hana mkanda wowote.

Nina uchungu kwa sababu nami nililelewa hivyo. Nilifika mkanda wa kahawia nikijiona simba, hadi siku niliyopiga gunia la mchanga kwa mara ya kwanza. Kifundo cha mkono kikapinda. Wiki tatu nilikula ugali kwa kijiko, tena kwa mkono wa kushoto, nyumbani wakicheka.

Aliyeniokoa ni sempai mmoja, mwanafunzi aliyenitangulia, asiyependa maneno. Alinisimamisha ubavu karibu na ukuta, akasema piga polepole. Kiwiko kikitoka nje, kinagonga ukuta. Ngumi kumi, robo saa nzima! Hapo ndipo nilipojua kwamba ngumi inaanzia kisiginoni: kisigino kinakandamiza sakafu, nyonga inageuka, kiwiko kinapita kikisugua mbavu, na ngumi haizunguki mpaka kiwiko kimeshaziacha mbavu. Inatua kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kimenyooka. Unakaza pale inapotua tu, kisha unalegeza. Ukikaza tangu mwanzo unajifunga breki mwenyewe.

Na ule mkono unaorudi kiunoni si pambo la picha. Unamvuta mtu uliyemshika mkono. Hilo nalo waambieni watoto.

Najua nitaambiwa ndiyo mila. Mila ya nani? Mwalimu Itosu Anko, aliyeingiza karate katika shule za Okinawa kule Japani, aliandika barua mwaka 1908 akataka mtu apige makiwara, kila mkono mara 100 au 200 kwa siku, mabega yakiwa chini na nyayo zimeshika ardhi. Makiwara ni ubao uliosimikwa, unajipinda kidogo ukiupiga, na ukikosea kifundo chako kinakuambia papo hapo. Hewa haisemi kitu.

Haya, nakubali: bila kurudia, mwili haujifunzi. Na mwalimu mmoja kwa watoto arobaini atamfikia nani? Lakini ukuta upo, ni bure.

Mwisho wa safu ya nyuma alikuwepo binti mmoja, gi yake ya kurithi, imelainika kwa kufuliwa, haikulia hata mara moja. Kiwiko chake kilikuwa kinasugua mbavu kila ngumi, bega limetulia. Mwalimu akapita, akamfokea: "Wewe! Sikusikii! Piga kwa nguvu!"

Akaanza kuinua bega.