Kona aliyoikunja Brutus

Wiki iliyopita nilirudishiwa kitabu changu kikiwa kimenyooshwa, na tangu siku hiyo roho yangu haijatulia.

Ni Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, toleo la 1969, lile Mwalimu Nyerere alilolitoa baada ya kuirudia tafsiri yake ya 1963. Nakala ya marehemu baba. Vijana wa mtaani kwetu hapa Sinza wanarekodi filamu kutokana na tamthilia hiyo, wakaja kuniomba kitabu cha kumshikisha Brutus. Niliwapa kwa moyo mweupe.

Baba alikuwa anakunja kona za kurasa. Kurasa kama kumi hivi, karatasi imekuwa ya kahawia kwenye mikunjo, kona moja imebaki kidogo tu idondoke. Kijana wa vifaa, kwa nia njema kabisa, alizinyoosha zote akakilaza kitabu chini ya matofali usiku kucha, kipendeze kwenye kamera. Nikamuuliza Brutus alikuwa anasoma ukurasa gani.

"Haionekani hiyo, mama. Anakishika tu."

Anakishika tu! Jamani, someni tukio lenyewe. Usiku, kambini karibu na Sardis. Brutus ametoka kugombana na Cassius, mwenzake katika njama ya kumuua Kaizari, mkewe Portia amekufa. Anatia mkono kwenye mfuko wa joho, anakuta kitabu alichokuwa anakitafuta. Kijana wake Lucius anasema alikuwa na hakika bwana wake hakumpa yeye. Na Brutus, aliyemchoma Kaizari kisu, anamwomba mtoto yule amvumilie, siku hizi amekuwa msahaulifu. Lucius anapitiwa na usingizi akiwa anapiga muziki. Brutus anamwondolea ala yake taratibu asije akaivunja. Ndipo anafungua kitabu na kuitafuta kona aliyoikunja alipoachia kusoma. Anaipata, taa inafifia, mzimu wa Kaizari unaingia.

Aliyekunja ukurasa alitegemea kurudi amalizie. Mbele yake ni vita vya Filipi, na huko atajiua. Ukiuondoa mkunjo ule, anabaki askari mwenye kitu mkononi anayengoja mzimu. Ukiuonyesha kwa sekunde tatu tu, kidole juu ya karatasi, tunamwona mtu ambaye alikuwa na maisha yake kabla ya vita.

Najua, Roma ya Kaizari ilisoma magombo ya mafunjo, na gombo halikunjwi kona. Shakespeare aliteleza hapo, kama alivyoteleza kuigongesha saa mjini Roma. Nakubali kwa shingo upande. Mkunjo ubaki.

Hata kwenye Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare, kuna kitabu cha kushikwa tu, na angalieni aliyekigawa: Polonius, mshauri wa mfalme. Anampa binti yake Ophelia kitabu cha sala, ajifanye anasoma peke yake, huku yeye na mfalme wamejificha wakimvizia Hamlet. Mle ndani ya tamthilia yenyewe, kitabu cha kuzugia ni chombo cha uongo, na mfalme akisikia maneno ya Polonius dhamiri inamchoma. Mwongozaji anayepanga majalada mazito nyuma ya mwigizaji bila kujua yana nini amesimama upande wa Polonius.

Mwongozaji Peter Greenaway mwaka 1991 alitengeneza filamu nzima juu ya vitabu 24 vya Prospero, yule mchawi wa The Tempest ya Shakespeare. Ilinichosha, lakini heshima yake naitoa. Hata Caliban, mtumwa wa Prospero, anajua uzito wa vitabu hivyo: anawaambia wenzake waanze na vitabu, maana bila hivyo Prospero hana lolote.

Na suala si hela. Vitabu vilivyotumika vinatandazwa chini kando ya barabara kule Posta, na kukunja ukurasa ni bure.

Nimewafuata vijana wale tukaongea vizuri, wakakubali kulirudia tukio la hemani Jumamosi. Jana usiku nimeikunja upya kona ya ukurasa ule. Alama ya baba bado ipo, karatasi ikaifuata yenyewe. Kitabu nitakipeleka mwenyewe, na nitasimama pale pale karibu na kamera.