Vinasaba Vinamtambua Samaki, Lakini Jina Nani Alimpa?

Mkunga wa umeme wa Amerika Kusini alipewa jina lake la kisayansi na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka mfumo wa majina ya viumbe, mwaka 1766. Kwa zaidi ya miaka 250 wataalamu walimvua, wakampima na kumchora wakiamini ni spishi moja. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba ni tatu, na mmoja wa hao waliokuwa wamejificha, Electrophorus voltai, alirekodiwa akitoa volti 860, umeme mkali kuliko wa mnyama mwingine yeyote anayejulikana. Wanaoshabikia vipimo vya vinasaba (DNA) hupenda kuutaja mfano huu, na hawakosei. Ila huishia nusu ya hadithi. Watafiti wale hawakutegemea vinasaba peke yake. Walilinganisha pia maumbo ya samaki, nguvu ya umeme wao na aina ya maji wanamoishi.

Njia iliyozoeleka zaidi ya kutambua spishi kwa vinasaba ilipendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Husomwa kipande kimoja cha jeni iitwayo COI, chenye herufi za vinasaba kama 650, kutoka kwenye mitokondria, yaani visehemu vya seli vinavyozalisha nishati, kisha kikalinganishwa na vipande vilivyokwisha kuhifadhiwa katika kanzidata. Uzuri wake hauhitaji kupigiwa debe. Yai la samaki halina magamba ya kuhesabu. Kifaranga cha siku mbili hakina rangi ya mzazi wake, na mnofu uliochunwa ngozi hausemi umetoka kwa nani. Hapo jicho la mtaalamu, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini, limefika mwisho.

Tatizo ni kwamba maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ndiko kifaa hiki kinakohitajika sana, na ndiko pia kinakojikwaa. Maji ya mito na maziwa hayafiki asilimia moja ya maji yote duniani, lakini yanabeba karibu nusu ya spishi za samaki zinazojulikana. Kila ziwa ni kama kisiwa, na samaki wake hugawanyika upesi. Chukua furu wa Ziwa Victoria. Inaaminika ziwa hilo lilikauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na humo mna furu wanaokadiriwa kufikia spishi 500. Muda huo ni mfupi mno kwa kipande cha herufi 650 kuweka alama za kutosha. Dume la Pundamilia nyererei lina wekundu, la Pundamilia pundamilia lina ubuluu. Mtoto anaweza kuwatenganisha, kipande cha COI hakiwezi. Kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya samaki, husaidia, ila gharama na utaalamu wake si wa kila maabara.

Kuna mtego mwingine ambao naona hautajwi vya kutosha. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Samaki akiwa chotara, kipimo hiki kitakutajia ukoo wa mama na kumnyamazia baba kabisa. Katika Ziwa Baringo, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta sato, Oreochromis niloticus, wakiwa na mitokondria ya spishi nyingine, Oreochromis leucostictus. Aliyetazama umbo angesema sato. Aliyetazama mitokondria pekee angeandika jina lisilo la samaki aliye mkononi, tena kwa uhakika wote wa mashine.

Na hiyo mashine haijui majina. Huyachukua kwenye kanzidata, na kule yaliwekwa na mtu aliyemtazama samaki akaamua kumwita hivi au vile. Akikosea, kosa lake hurudiwa kila sampuli inayofanana inapoletwa. Ndiyo maana hoja kwamba vinasaba vimewastaafisha wataalamu wa kuhesabu miiba na meno hainishawishi. Ningependa kila sampuli iambatane na samaki mwenyewe, aliyehifadhiwa makumbusho ili aweze kuchunguzwa upya. Kipande cha pezi kikatwe kwanza kwa ajili ya kipimo, kabla ya mwili kutiwa formalini, dawa ya kuhifadhia, maana formalini huharibu vinasaba.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo kungoja mwili wa samaki ni kuchelewa. Mwaka 2009 vinasaba vya kapi wa Asia, samaki wageni walaji wakubwa, vilikutwa katika maji ya mifereji ya Chicago, ng'ambo ya kizuizi cha umeme kilichowekwa kuwazuia wasifike Ziwa Michigan. Jimbo la Michigan likaenda Mahakama ya Juu ya Marekani kuomba malango ya mifereji yafungwe. Januari 2010 mahakama ikakataa kutoa amri ya haraka. Waliotilia shaka walikuwa na hoja: maji yenye vinasaba hayasemi kama samaki yu hai, wako wangapi, au kama chembe hizo zililetwa na kinyesi cha ndege. Hoja hizo ni za kweli mpaka leo. Lakini anayetafuta jina na anayetafuta onyo hawahitaji ushahidi wa uzito mmoja. Jina likikosewa litasahihishwa. Samaki mgeni akishazaliana ziwani, hatolewi. Juni mwaka huohuo wa 2010, katika Ziwa Calumet, upande ule ule wa kizuizi, mvuvi alimnasa kapi mmoja mzima.