Ardhi au kura? Walichokosa walioachiwa huru Marekani

Ujenzi Mpya wa Marekani, yaani miaka ya 1865 hadi 1877 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, bado unabishaniwa. Watu weusi wapatao milioni 4 walitoka utumwani. Walikosa nini hasa, hata haki zao zikaja kupokonywa? Kuna wanaosema ardhi, na kuna wanaosema ulinzi wa kura.

Wa ardhi wana hoja nzito. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini aliamuru ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida ugawiwe familia zilizokombolewa, kila moja isizidi ekari 40. Watu kama 40,000 wakahamia na kulima. Mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akawasamehe mabwana wa zamani na kuwarudishia mashamba. Jenerali Howard, mkuu wa ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachiwa huru, alitumwa Oktoba kuwapa habari hiyo watu wa kisiwa cha Edisto, South Carolina, akawasihi wapatane na wenye mashamba. Kamati yao ikamjibu kwa barua. Wewe, walimwambia, ulipoteza mkono tu vitani, huenda ukaweza kusamehe. Lakini aliyenifunga mtini akanichapa viboko 39, akamvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na sasa haniruhusu kukaa katika kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei aitakayo yeye, huyo siwezi kumsamehe. Waliongeza kwamba mtu huyo anajua fika kuwa wangekuwa na ardhi yao wasingekuwa na shughuli naye. Uchumi wote wa Kusini umo katika barua hiyo. Wengi waliishia kulima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, madeni yakiwaandama kila msimu.

Hata hivyo, Edisto hiyohiyo inanifanya nisite. Ardhi walikuwa nayo tayari; ilirudishwa kwa amri ya rais ambaye hawakuwa na kura ya kumwajibisha. Kura ilipokuja, kuanzia 1867, mambo yalibadilika haraka: mabunge ya majimbo yakaanzisha shule za umma, na 1870 Mississippi ikampeleka Hiram Revels, mtu mweusi wa kwanza, katika Seneti.

Tatizo ni kwamba kura nayo iliporwa kwa bunduki. Huko Colfax, Louisiana, Aprili 1873, wazungu wenye silaha walichoma jengo la mahakama lililokuwa likilindwa na weusi, na wakaua wengi waliokwisha kujisalimisha. Hati ya shamba isingewasaidia pale. Mwaka 1876 Mahakama Kuu ikafuta hukumu za wachache waliotiwa hatiani, ikisema Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayolinda usawa wa raia mbele ya sheria, yanaibana serikali ya jimbo, si mtu binafsi.

Wapo wanaojibu kwamba jeshi la serikali kuu lisingeweza kukaa Kusini milele, na wapiga kura wa Kaskazini walikwisha choka. Ni kweli walichoka. Lakini 1871 Rais Grant alipositisha haki ya aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu (habeas corpus) katika wilaya 9 za South Carolina na askari wakakamata mamia, Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowashambulia weusi, ilivunjika huko ndani ya muda mfupi tu. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni nia ya kuendelea. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ndiyo iliyokuja kuwapeleka tena maofisa wa serikali kuu Kusini, safari hii kuandikisha wapiga kura.