Ticha, nimepata ngapi?

Nianze na hesabu kabla sijaanza kulalamika. Nafundisha mikondo mitano, kila mkondo una wanafunzi kama 40, kwa hiyo madaftari 200. Ukisema kila daftari unaandika maoni kwa dakika mbili tu, hizo ni dakika 400, yaani saa sita na nusu na zaidi, kwa zoezi moja. Zoezi moja jamani! Na hesabu hii sikuipiga kabla ya kuandika pendekezo la mradi wangu wa masta. Niliipiga wiki ya tatu ya utekelezaji, saa tano usiku, rundo la madaftari kushoto, laptopu yenye asaimenti ya kesho kulia, ndo hapo nikaanza kujiuliza kama hawa wanaotufundisha namna ya kubadilisha shule wamewahi kubadilisha hata muda wa kengele.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Nasoma masta ya elimu, jioni na wikiendi, huku mchana nafundisha kama kawaida. Mnaosoma hivi mnajua ilivyo, unatoka darasani ukiwa mwalimu, baada ya muda kidogo umekaa darasani ukiwa mwanafunzi, tena unasinzia vilevile kama yule mtoto uliyemfokea asubuhi kwa kusinzia. Muhula uliopita tulikuwa na moduli ya uongozi na mabadiliko ya shule. Kazi kubwa ilikuwa moja: chagua jambo ulibadilishe shuleni kwako, lifanyie kazi muhula mzima, leta ripoti.

Mimi nikachagua maksi. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, utafiti mdogo tu ila ukiusoma unakukaa kichwani. Alichukua watoto wa darasa la tano na la sita akawagawa, wengine wakawa wanarudishiwa kazi zikiwa na maksi tupu, wengine maoni ya maandishi bila maksi, wengine maksi pamoja na maoni. Waliopata maoni tu ndo waliofanya vizuri na hamu yao ikabaki. Sasa mimi kilichonishangaza ni lile kundi la tatu. Ungetegemea wao ndo wapae, si wamepewa vyote viwili? Wapi. Waliangukia upande wa wale wa maksi tupu. Ninavyoielewa mimi ni kwamba maksi ikishakaa pale juu ya ukurasa basi maneno ya chini yanakuwa pambo. Miaka kumi baadaye, 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wakapitia tafiti kibao kuhusu tathmini ya darasani ya kila siku, nao wakaonyesha kwamba mtoto akijua amekosea wapi na afanye nini kurekebisha, anasogea. Nikasema basi, huu ndo mradi wangu, narudisha madaftari yenye maoni bila maksi, hauhitaji hela wala kompyuta, ni kalamu na moyo tu.

Kalamu na moyo. Haya.

Siku ya kwanza nimerudisha madaftari, darasa kimya, watoto wanafunua kurasa mbele nyuma mbele nyuma kama mtu aliyedondosha noti kwenye majani. Mkono wa kwanza ukapanda. "Ticha, nimepata ngapi?" Nikamwambia asome nilichoandika. Akasoma, kwa heshima zote, midomo inacheza, akamaliza. "Sawa ticha. Lakini nimepata ngapi?" Wiki ya pili wakawa wameshapata dawa yangu, wanahesabu tiki wenyewe, wanajipa maksi kwa penseli, wanalinganisha na jirani. Mzazi mmoja akanipigia simu akaniuliza taratibu kabisa, bila ukali, kama siku hizi mwalimu umeacha kusahihisha. Na mkuu wa shule, ambaye kusema ukweli ni mtu mwema na alinipa ruhusa bila maneno mengi, akaniita ofisini: "Mwalimu, mimi niko na wewe kabisa, ila mfumo wa kujazia maksi unataka namba kufikia Ijumaa. Kile kisanduku hakipokei maneno."

Kisanduku hakipokei maneno. Katika yote niliyosikia muhula ule kuhusu ugumu wa kubadilisha shule, hakuna lililonichoma kama hilo, na halikutoka chuoni. Chuoni tulikuwa na jina lake la kisomi. David Tyack na William Tobin mwaka 1994 waliandika kuhusu "sarufi ya shule", yaani yale mambo ambayo hakuna anayeyafikiria, kupanga watoto kwa umri, kukata siku vipande vipande vya vipindi, kutenganisha masomo, kumpa kila mtoto alama. Ni kama sarufi ya lugha, ukiongea huifikirii, ila mtu akiikosea masikio yote yanasimama. Hiyo makala nilisoma wiki ya pili ya moduli, nikapigia mistari ya njano, nikaandika pembeni "muhimu sana", halafu nikaenda kufanya mradi wangu kana kwamba shule ninayofundisha mimi haina sarufi.

Na hapa ndo nina ugomvi na haya masomo yetu. Tunapewa ngazi, yaani hatua za kufuata ukitaka kubadilisha watu. Kuna ya yeyusha mazoea, badilisha, gandisha upya, ambayo watu wanamhusisha nayo mwanasaikolojia Kurt Lewin. Kuna ya hatua nane za John Kotter ya mwaka 1996, ambayo kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, watu wa bosi mmoja na faida ya kuhesabika mwisho wa mwaka. Halafu kuna mgawanyo wa Everett Rogers wa mwaka 1962 wa watu wanavyopokea kitu kipya: asilimia 2.5 waanzilishi, 13.5 wanaowahi, 34 wanaofuata, 34 wanaochelewa, na 16 wale wa mwisho kabisa wanaoburuta miguu. Kwenye semina tuliambiwa tuwapange walimu wenzetu humo. Tulicheka sana siku ile, kila mtu ana mzee wake wa kumtia kwenye ile 16. Nilipokuja kuangalia karatasi za darasa zima nikaona kitu, kila mmoja wetu alikuwa amejiweka mwenyewe kwenye makundi mawili ya mwanzo. Kila mmoja! Darasa zima la waanzilishi na wanaowahi, ukituamini sisi.

Mawazo ya Rogers yana mizizi kwenye tafiti za wakulima, mojawapo ule maarufu wa Ryan na Gross wa mwaka 1943 kuhusu mbegu chotara za mahindi huko Iowa, Marekani. Na baba yake Rogers mwenyewe alikuwa mkulima aliyekataa mbegu hizo mpaka ukame wa 1936 ukamkausha shamba huku ya majirani yakiwa yamesimama. Ni hadithi nzuri na siikatai. Lakini fikiria vizuri, mkulima akijaribu mbegu mpya mavuno ni yake, anayaona kwa macho msimu uleule. Mwalimu akijaribu kitu kipya anavuna saa sita na nusu za usiku, mavuno yenyewe kama yapo yanaonekana miaka ijayo, kwa mwalimu mwingine, kwenye mtihani ambao unapima kitu kingine kabisa. Sasa huyo akisita ni mkaidi au amepiga hesabu? Hata Rogers mwenyewe baadaye aliandika kwamba tafiti za namna yake zina tabia ya kudhani kila kipya ni kizuri, na ya kumtupia lawama mtu mmoja mmoja badala ya kuuangalia mfumo. Sisi ile sehemu hatukuletewa kwenye slaidi.

Mzee wangu wa kwenye ile 16 alikuwa mama mmoja mkongwe wa pale shuleni, mwenye miaka mingi ya ubao kuliko mimi miaka ya kuishi, sawa natia chumvi ila si sana. Niliposimama mbele ya walimu kueleza mradi wangu, yeye alinisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu, akauliza swali moja: "Mdogo wangu, hii ni ya ngapi?" Watu wakacheka, mimi nikachukia. Kumbe alikuwa anauliza kweli. Baadaye alinifungulia kabati lake, kuna mafaili, kila moja ni badiliko. Lile la kuandika malengo upya, lile la kazi za vikundi, lile la andalio la somo lenye safuwima mpya, lile la umahiri, mengine yaleyale yamerudi na jina jingine. Kila moja lilikuja na semina. Hakuna hata moja lililokuja na saa ya ziada, na hakuna hata moja lililosema "ukianza hili, acha lile". Yeye kayaweka yote, kwa adabu, kwenye kabati.

Na mimi nilivyowasilisha ule mradi siku ile? Niseme tu maana najisikia aibu mpaka leo. Niliongea dakika 50 mfululizo, slaidi 38, nimesimama mbele, walimu wamekaa kwenye mistari, mada ikiwa jinsi ya kumweka mwanafunzi katikati ya somo. Hakuna aliyeuliza kitu zaidi ya yule mama. Dan Lortie aliandika mwaka 1975 kwamba mtu anapomaliza shule anakuwa ameshakaa karibu saa 13,000 akiwaangalia walimu wake wakifundisha, ni uanagenzi wa kutazama, na ndo maana akisimama yeye anafanya kama alivyofanyiwa. Sasa moduli ya wikiendi kumi na mbili itashindana na saa 13,000?

Nikawa naenda kukaa darasani kwa yule mama vipindi vyangu vya bure, mwanzoni kwa ajili ya ripoti, nilihitaji data za "ukinzani". Nikamkuta anafanya hivi. Watoto wakiwa wanaandika, anapita katikati yao polepole, anachungulia, haandiki chochote. Halafu anarudi ubaoni anaandika jibu moja lililokosewa, bila jina, analiacha pale. Anauliza, "Huyu alikuwa anafikiri nini?" Si nani kakosea, wala jibu sahihi ni lipi. Watoto wanaanza kubishana, wengine wanamtetea huyo asiye na jina, na mara nyingi aliyekosea ndo wa kwanza kuona kosa, unamjua kwa jinsi anavyofuta haraka haraka kwenye daftari lake. Dakika kumi imekwisha. Nyumbani habebi daftari hata moja. Kile ambacho mimi nilikuwa nakitafuta kwa kalamu usiku, yeye anakimaliza kwa chaki mchana, tena kabla ya kengele, na kisanduku cha mfumo anakijazia namba zake Ijumaa kama kawaida na hakuna anayemsumbua. Nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema mtoto mmoja zamani alimbishia.

Kwenye ripoti nilimpa aya moja.

Nyingine zote zilikuwa za mradi wangu, nadharia, jedwali, "changamoto na mapendekezo". Mradi wenyewe ulikufa wiki ya tisa. Mkuu wa shule alihamishwa, akaja mwingine mwenye badiliko lake, na mimi kwa kweli nilishusha pumzi maana nilikuwa nimechoka mpaka nakosea majina ya watoto. Ukiuliza shule nyingi utakuta makaburi ya namna hii, mwalimu kasoma, kaanzisha kitu, kapata cheti, kahama au kapandishwa, na kitu kimebaki bila mwenyewe. Sishangai. Kazi za masta zinasahihishwa mtu mmoja mmoja, wazo lazima liwe lako, jipya, lenye jina lako juu. Ningeandika kwamba nimekwenda kusaidia jambo ambalo mwenzangu alikuwa analifanya tayari, sijui hata lingekubaliwa kama mada. Mimi ningependa moduli kama hii iwalazimishe walimu wawili watatu wa shule moja kusoma pamoja, na ukurasa wa kwanza wa pendekezo uwe na swali moja tu: unaondoa nini ili hiki kiingie? Mtu akishindwa kulijibu, arudi nyumbani akalale, atakuwa amesaidia zaidi.

Ripoti ilirudi mwezi uliopita. Nikafungua faili nikashuka moja kwa moja mpaka kwenye alama, nikaiona, nikafurahi kiasi, nikafunga. Zaidi ya wiki mbili zilipita ndo nikakumbuka mhadhiri alikuwa ameandika pia maoni, ukurasa mzima, na mimi mtaalamu wa Ruth Butler sikuwa nimesoma hata mstari. Yalikuwa maoni mazuri. La mwisho lilisema: huyu mwalimu wa ukurasa wa 31 ndiye utafiti wako, kwa nini yuko kwenye aya moja?

Kesho yake nikamfuata yule mama ofisini wakati wa mapumziko, nikamwambia mama naomba nije tena darasani kwako, safari hii si kwa ajili ya ripoti. Aliniangalia juu ya miwani. "Njoo kipindi cha kwanza," akasema, "ila ukae nyuma na usije na dodoso."

Kipindi cha kwanza mimi nina mkondo wangu. Sasa natafuta mtu wa kubadilishana naye.